Kijana Aliyelipia Kiti cha Kulia

Siku niliyorudisha beji yangu ya uwanja wa ndege, askari wa getini alinizuia kutoka. Aliniambia, kwa adabu kabisa, kwamba asiye na beji haruhusiwi kuwa upande ule wa uzio, na kwa kuwa mimi sina beji, yeye hawezi kunifungulia. Tulisimama tukitazamana mpaka tukacheka sote wawili. Ndivyo nilivyostaafu urubani. Ninyi vijana wa chumba cha marubani mlinitaka nizungumze kwenye karamu ya kuniaga, nami nikala wali nikanyamaza, maana sina ulimi wa hadhara. Basi niliyoshindwa kuyasema nawaandikia.

Habari za vyeo na mishahara hamtazikuta humu. Vyeo vilikuja vyenyewe kadiri wenzangu walivyozeeka, na mishahara mwaijua.

Nilizaliwa Chovai, katika visiwa vyetu vya Wabajuni. Baba alikuwa fundi wa kuunda mashua, nami mkono wangu haukufaa kitu kwenye mbao. Kila msumari niliopiga yeye aliung'oa akaupiga upya, bila kunilaumu, jambo ambalo liliuma zaidi. Akaona heri anipeleke Kismayu kwa shangazi nikasome. Nilipomaliza sekondari, serikali ya Somalia ilikuwa ikitafuta vijana wanaojua hesabu wafundishwe urubani. Daktari aliyenipima aliniuliza kama nimewahi kwenda juu. Nikamwambia sijawahi kupanda kitu kirefu kuliko mnazi. Akaandika kwamba siogopi kimo.

Nilisomeshwa bure, na hili nataka mlishike kwa sababu nitalirudia. Chakula, sare, vitabu, mafuta ya ndege tuliyoyachoma tukijifunza, hata viatu, vyote vilitoka serikalini. Viatu vilinibana, lakini sikuvilipia. Sharti lilikuwa moja tu: nikimaliza, niitumikie serikali miaka kadhaa. Nilitia sahihi kwa moyo mkunjufu. Mwishowe serikali ndiyo iliyoondoka kabla yangu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa rubani msaidizi, yaani mtu wa kiti cha kulia, katika ndege ndogo ya injini mbili iliyokuwa ikienda na kurudi kati ya Mogadishu na Kismayu. Kapteni wangu aliitwa Warsame. Alikuwa Msomali mrefu, mwembamba, asiyepandisha sauti, na aliniita "adeer", kama wazee wa Kisomali wanavyomwita kijana wanayemfanya mtoto wa ndugu yao. Kila asubuhi aliigonga saa ya mafuta kwa ukucha, kisha akapanda juu ya bawa na kijiti chake akapima tangi kwa mkono. Nilimuuliza kwa nini anajisumbua.

"Saa ya mafuta ina adabu," alinijibu. "Hukwambia unalotaka kusikia. Kijiti hakina adabu."

Siku yangu ya kwanza naye tulikuwa tumebeba vipuri na magunia ya barua. Aliniachia usukani tulipokaribia Kismayu. Nilishuka vizuri, mwendo sawa, barabara ya kurukia imenyooka mbele yangu kama nimeichora mwenyewe. Nikawa najisifu moyoni. Mara akasema, "Paa."

"Kuna nini, Kapteni?"

"Hakuna kitu. Paa."

Nikasukuma mikono ya injini mbele, nikainua pua ya ndege, nikapita juu ya uwanja na kuzunguka upya. Tulipotua mara ya pili alifungua mkanda wake taratibu. "Kutua kila mtu anapenda," alisema. "Nilitaka kujua kama unaweza kukataa." Akashuka akaenda kutafuta chai. Hilo tuliliita kupaa upya, na alinifanyisha mara nyingi mpaka likawa kwangu kama kupiga chafya.

Mwaka wa tisini na moja, Mogadishu ilipoanguka, ndege yetu ilikuwa imelala Kismayu. Hatukuwa na mtu wa kumpigia simu. Ofisi zilikuwa wazi, mafaili yakipeperuka, na mkuu wa uwanja alikuwa amekwenda kwao na funguo za choo mfukoni. Watu wa kwetu visiwani walikuwa wameanza kuvuka kwa maboti kuelekea Kenya. Mama yangu na dada zangu walikuwa wametangulia, sijui wako wapi. Mimi nilikuwa tayari kuwafuata. Kapteni Warsame akasema kuna mapipa ya mafuta ghalani, na kuna wagonjwa hospitalini, na ndege haina aliyeikataza kuruka.

Tulipakia wagonjwa, wanawake na watoto. Uwanja ulijaa watu. Kapteni alisimama mlangoni akiwakagua mmoja mmoja, akiwavua mabegi na masanduku, akiwapakatisha mama watoto wao. Alipoona wanatosha, akafunga mlango. Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja mwenye bunduki, akitaka apande yeye na kaka zake wawili.

"Ndege imejaa, adeer," Kapteni alimwambia.

"Shusha watu watatu."

Nilikuwa kiti cha kulia, miguu juu ya pedeli. Nilimwona Kapteni akishuka. Alichomoa funguo za ndege mfukoni, akazinyoosha mbele ya yule kijana. "Chukua. Mimi nimepima, naona haitainuka na mtu zaidi. Labda nimekosea. Wewe iendeshe, na ikiruka na watu wote hawa, nitakuwa mwanafunzi wako mpaka nife."

Yule kijana akaangalia funguo, akaiangalia ndege, akawaangalia watoto dirishani. Akazisukuma funguo zirudi. "Utarudi?" aliuliza.

"Mafuta yapo ya safari moja tena. Nitarudi."

Tuliwashusha watu wetu kwenye uwanja mdogo upande wa Kenya, tukarudi kweli, nami nikiomba njia nzima Kapteni aghairi. Tulimkuta yule kijana ameupanga umati mstari, bunduki begani, anawapigia kelele wanaosukumana. Alimpakia mama yake tu. Kaka zake aliwarudisha nyuma yeye mwenyewe. Tulipouvuka mpaka mara ya pili, na chini nikaona bendera ya Kenya juu ya kibanda cha bati, nililia kwa faraja, wallahi, nikiwa nimeshika usukani. Kapteni aliniuliza kama naiona njia. Nikasema naiona. "Basi lia," alisema, "ila usishuke mwendo." Mama na dada zangu niliwakuta baadaye katika kambi ya wakimbizi Mombasa, wazima wote.

Ndege ile iliozea pale pale kwenye uwanja mdogo wa mpakani. Leseni zetu nazo zilioza, kwa maana zilitolewa na nchi isiyokuwa na ofisi ya kuulizwa. Nilipata kazi ya kupakia mizigo kwenye uwanja mdogo wa ndege Nairobi. Kapteni Warsame alishindwa kipimo cha macho cha Kenya, na hakuruka tena maisha yake. Alifungua duka la vipuri vya magari Eastleigh, na nyuma ya duka, kwenye viti viwili vya plastiki vilivyoelekea ukutani, akanifundisha mitihani ya leseni ya Kenya somo baada ya somo. Kiti cha kushoto chake, cha kulia changu. Sufuria ndiyo iliyokuwa usukani. Wateja waliokuja kununua plagi walitukuta tunapambana na dhoruba, wakasubiri.

Hakunidai kitu. Na marubani wa uwanja ule, watu wa Kenya wasionijua, walikuwa wakiniita nikimaliza kupakia: "Wewe Mbajuni, panda, kiti kiko wazi." Ilinichukua miaka, lakini nilirudi hewani, na nilirudi kwa sababu kuna watu walidhani kumfundisha mtu ni sehemu ya kazi, kama kufuta kioo.

Miaka iliyofuata nilirusha ndege za mizigo kwenda Kismayu vita vikiwa vimepamba moto: dawa, mbegu, miraa, na mara nyingi vyote kwa pamoja. Ada ya kutua tulilipa kila safari kwa watu tofauti, na kila kundi lilituhakikishia kwamba lile la juma lililopita lilikuwa la matapeli. Kabla ya kutua ulipita chini mara moja kuwafukuza ngamia, na mara ya pili kuwaangalia wenye bunduki wamekaaje. Wakiwa wameketi kivulini, unatua. Wakiwa wamesimama juu ya pikapu yao na wameinua vichwa kukutazama, unarudi Kenya na miraa yako. Siku moja niliwapakia wajawazito wawili kutoka kisiwa cha Kudhaa walioletwa kwa boti mpaka mjini, na nikafika Mombasa na wajawazito wawili vile vile, alhamdulillahi, kwa maana fundi wetu alikuwa amenikalia ubavuni njia nzima ananiuliza tutafanyaje.

Sasa nifike kwenye jambo lenu.

Nilipokuwa kapteni katika kampuni yangu ya mwisho, ambayo sitaitaja kwa sababu haipo tena, rubani msaidizi alikuwa mtu anayelipwa. Kisha shule za urubani zikawa nyingi, vijana wenye leseni wakajaa mitaani, na mshahara wa kiti cha kulia ukawa posho. Kisha posho ikawa chai. Kisha siku moja mwenye kampuni aliniita ofisini, uso unang'aa.

"Kapteni Lali," alisema, "zamani sisi tulitafuta marubani. Siku hizi marubani wanatutafuta sisi. Kuna kijana yuko tayari kulipia."

"Kulipia nini?"

"Kiti. Anataka saa za kuruka, maana bila hizo haajiriwi popote. Anatulipa sisi, anaruka nawe mpaka saa zake ziishe, anakwenda zake, anakuja mwingine."

Wasaidizi wangu wazuri wawili waliachishwa kazi mwezi ule ule. Nani atamlipa mtu, na kuna anayelipa? Mwenye kampuni alianza kuwaita wale vijana wateja. Mimi nilikuwa mwalimu wao, na sahihi yangu ndiyo iliyosema kijana huyu yuko tayari kuruka na makapteni wengine.

Wengi wao walikuwa vijana wazuri, nisiwasingizie. Wa tatu ndiye Athmani.

Athmani alikuwa wa kwetu. Alitoka Kismayu mgongoni mwa mama yake mwaka ule wa tisini na moja, akakulia kambini, kisha Mombasa. Baba yake alikufa mapema. Mama yake, Bi Mwanaesha, aliuza kiwanja cha marehemu Kismayu, na jamaa walioko Ulaya wakachanga, na kijana akapelekwa ng'ambo kusomea urubani. Aliporudi na leseni hakupata kazi popote. Ndugu wakachanga tena, anunue mafunzo ya aina ya ndege tuliyokuwa tukirusha sisi. Kisha wakachanga mara ya tatu, anunue kiti. Ndani ya ndege aliniita Kapteni. Tukishuka tu, aliniita Ami, kama ndugu wa baba yake.

Alijua vitabu kuliko mimi. Alikuja mapema, alikuwa msafi, hakuchoka. Ila alikuwa na kasoro moja, na nilihitaji safari kadhaa kuiona. Akishaanza kushuka, atatua. Hewa iwe imetulia au imechafuka, awe chini sana au juu sana, atatua. Siku moja tulikuwa na abiria, tunakaribia Kismayu, upepo wa nyuma unatusukuma, na mwendo ulikuwa mkubwa mno. Nilimwambia, "Mwendo."

"Nauona, Kapteni."

Barabara ya kurukia ikawa inapita chini yetu na magurudumu hayajagusa. "Athmani, paa."

"Itakaa, Kapteni. Itakaa."

"Nimeshika mimi," nikasema, nikaichukua ndege mikononi mwake na kuipaisha. Tulipita juu ya vichaka mwisho wa uwanja karibu kiasi cha kumwona mbuzi masikio yake. Nyuma mtoto alilia. Athmani alikuwa ameweka mikono mapajani, amejaa jasho.

Nilimsamehe, nikadhani ni ya mara moja. Ikatokea tena, kisha tena. Mara ya tatu tuliketi chini ya bawa tukingoja mizigo, tukila mkate wa mofa na samaki, na nikamuuliza kwa Kibajuni, polepole, kama ninayemuuliza mtoto nani kampiga.

"Kule shule walikufundisha kupaa upya?"

"Walinifundisha, Ami. Mara moja."

"Mara moja tu?"

Akaangalia kipande chake cha mkate. "Kila mzunguko wa kuruka na kutua ulikuwa na bei yake. Ukipaa upya umelipia mzunguko bila kutua, na wao wanahesabu kutua. Mwalimu alikuwa anaguna. Nikishika mikono ya injini nipae, namwona mama anafagia maofisi ya watu Mombasa. Basi natua." Akaumega mkate asiule. "Sikuwahi kuvunja kitu, Ami. Siku zote ilikaa."

Nimeona bunduki, nimeona injini ikizimika juu ya bahari, lakini sijapata kuogopa kama nilivyoogopa pale kivulini. Kijana huyu alikuwa amejifunza, kwa pesa za mama yake, kwamba kukataa ni hasara.

Nilikwenda kwa mwenye kampuni nikamwambia sitatia sahihi.

"Saa zake zimebaki chache," alisema. "Mwingine anangoja. Mpe sahihi, amalize, aende."

"Aende wapi? Akaue watu wa kampuni nyingine?"

"Kapteni, huyu ni mteja. Amelipa."

"Amelipia kiti. Sahihi yangu hamkumuuzia."

Alinipa mpaka mwisho wa mwezi. Ama nitie sahihi, ama ataleta mwalimu mwenye sahihi nyepesi. Nilirudi nyumbani Mombasa nikiwa najua kwamba ninaweza kupoteza kazi, na kijana anaweza kupoteza kila kitu ambacho ukoo mzima umekusanya. Nilimkuta Bi Mwanaesha sebuleni kwangu. Alikuwa ameletewa chai na hakuigusa.

"Lali," alisema, bila salamu, na Bi Mwanaesha si mtu wa kuacha salamu. "Nasikia wamzuia mwanangu."

"Namzuia, dada."

"Wewe? Mchu wa kwetu, Mbajuni mwenzetu? Wageni wangemzuia ningesema ni wageni. Mimi nimeuza ardhi ya mume wangu. Watoto wa ndugu zangu huko Ulaya wanaosha vyombo vya watu. Wewe ulisomeshwa bure, Lali. Bure! Sasa umekalia mlango."

Kila neno lilikuwa kweli. Nikamweleza. Sikutumia maneno ya vitabu. Nilimwambia juu ya mwendo mkubwa na barabara inayokwisha, na mikono ya injini ambayo mwanawe haisukumi, na kwa nini haisukumi. Sikumficha ile habari ya kufagia maofisi. Nilimwona akiinamia mikono yake.

"Ananiona mimi?" aliuliza.

"Anakuona wewe."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukamsikiliza. "Na nyuma huwa kuna watu?" akasema.

"Huwa kuna watu. Watoto pia."

"Atajifunza?"

"Atajifunza. Nahitaji muda tu."

Bi Mwanaesha akainuka, akajifunga buibui lake. "Mzuie," alisema. "Mpaka ajue. Wakikufukuza, njoo kwangu, tutakula tulicho nacho. Na huyo mwanangu leo atanisikia." Kisha akaketi tena, akanywa chai yake yote iliyokwisha kupoa.

Asubuhi yake nilimpelekea mwenye kampuni biashara. Nilimwambia nitachukua safari za miraa, zile za alfajiri ambazo makapteni wote wanazikimbia, na likizo yangu sitaidai, ila msaidizi wangu awe Athmani na asiniulize tunazungukaje. Alikubali, maana hakuona hasara. Hasara aliiona baadaye kwenye mafuta, na tukagombana, lakini hapo tulikuwa tumeshaanza.

Hakukuwa na abiria, magunia tu. Sheria yangu ilikuwa moja: kila uwanja, kabla ya kutua, unapaa upya. Hata ukija kama unyoya. Hata ukiwa umeshaona mlango wa mnara. Mara ya kwanza Athmani aliisukuma mikono ya injini kama anayesukuma mlango wa kabati lenye nyoka. Nilimwambia aseme neno kwa sauti, kila mara, "Napaa!", maana mdomo ukishasema mkono hufuata. Wafanyabiashara wa miraa walikuwa wakisimama uwanjani na pikapu zao zinawaka injini, maana miraa haina subira, hunyauka upesi, wakatuona tunashuka, tunashuka, halafu tunapita juu ya vichwa vyao na kwenda zetu. Walinyoosha ngumi. Mmoja alinivua kofia nilipotua akaikanyaga. Athmani alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akaiokota akanifutia mchanga.

Taratibu ile "Napaa" ikabadilika. Ilianza kama swali. Ikawa kama anayetii amri. Baadaye ikawa neno la kawaida tu, kama "nimefika". Mwenye kampuni alipoleta tena habari ya sahihi, nilimwambia atupe safari moja ya abiria.

Ilikuwa Kismayu, mchana, ndege imejaa. Alirusha Athmani. Upepo ulikuwa wa kutatiza: ulikuwa unatuvumia ubavuni, ukageuka tulipokuwa tunashuka. Hatukuwa vibaya sana. Nilikuwa najua kwamba mimi, kwa uzoefu wangu, ningeitua. Pengine hata yeye angeitua. Ndiyo maana nilinyamaza. Niliweka mikono yangu mapajani, karibu na usukani lakini si juu yake, nikauma meno. Barabara ilikuja. Ndege ikasogea kushoto, akairudisha, ikasogea tena. Nikasema moyoni, ngoja, Lali. Ngoja.

"Napaa," Athmani alisema.

Injini zikanguruma, pua ikainuka, na vichaka vya mwisho wa uwanja vikawa vidogo chini yetu, vya kijani, vizuri. Nilishusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeizuia tangu siku ya mbuzi. Tulizunguka, tukaja kutoka upande mwingine, tukatua.

Abiria walipokuwa wakishuka, mzee mmoja mwenye bakora alisimama mbele ya Athmani akamtazama juu mpaka chini. "Kijana, mara ya kwanza hukuiona njia?"

"Niliiona, babu," alisema Athmani. "Sikuipenda."

Mzee akafikiri. "Ahsante," akasema, akashuka ngazi.

Nilitia sahihi siku ile ile, juu ya bawa.

Ningependa kuwaambia kwamba kampuni ilimpa kazi. Saa zake zilipokwisha walimshukuru, wakamweka mwingine. Athmani aliendesha bajaji Mombasa kwa muda, na alikuwa akinitania kwamba huko kupaa upya hakulipiwi. Baadaye watu wa bima wakauliza kwa nini viti vya kulia vya kampuni ile vinabadilisha watu kama viti vya kinyozi, wakakataa kuikatia bima mpaka iajiri wasaidizi wenye uzoefu. Mwenye kampuni akamtafuta Athmani kwa simu. Athmani alimjibu vizuri sana, kwa sababu amelelewa, kwamba amekwisha kupata kazi kwingine, kwa watu wanaomlipa yeye. Na leo ni kapteni.

Najua hali yenu. Wengi wenu mmelipia, na wengine bado mnalipa, na sina haki ya kuwaambia msilipe, mimi niliyevalishwa viatu vya serikali. Nawaomba tu muulize mapema kabla ya kutoa chochote: nani ataamua kama niko tayari, na je, mtu huyo anapata hasara akisema bado? Mkiwa mmeshaketi kwenye kiti, hata kama kimelipiwa na nyumba ya bibi yenu, sahauni bei mnapofunga mkanda. Abiria haijui na wala upepo hauiulizi. Na ninyi mtakaokuwa makapteni, mwiteni yule anayepakia mizigo, kama kiti kiko wazi.

Mwezi uliopita nilisafiri kwenda Kismayu kama abiria, mara yangu ya kwanza kuketi nyuma bila kazi. Bi Mwanaesha alikuwa pembeni yangu. Hakuwa amerudi tangu alipotoka na mtoto mgongoni, na alikuwa anakwenda kulitazama kaburi la mumewe. Mwanawe ndiye aliyekuwa akirusha. Kabla ya kuondoka alitoka akaja kumbusu mama yake mkono, kisha akafunga mlango wa chumba cha marubani.

Nilijiandaa kumshika mkono tukianza kupanda, kwa maana watu wengi huogopa. Nilipogeuka, Bi Mwanaesha alikuwa amekwisha kulala. Alilala kabisa, kichwa kimeegemea dirisha, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyefika nyumbani kutoka zamu ndefu. Chini visiwa vyetu vilianza kupita, kimoja baada ya kingine, maji meupe pembezoni, na nikaona Kudhaa, na nikaiona Chovai yangu. Nilinyoosha mkono nimwamshe aone.

Nikaurudisha. Nikaegemea kiti changu, nami nikafumba macho.